Shangazi, Mume Wangu Anataka Kuuza Gari Langu la Kwanza kwa Kilo

*Shangazi, pole na kazi. Mimi ni mkunga, naishi Walukuba hapa Jinja. Mwaka 2010, kabla sijaolewa, nilikopa kwenye SACCO nikanunua Kikumi, yaani Toyota Corolla ya miaka ya tisini, katika bondi (yadi ya magari yaliyoagizwa) moja ya Kampala. Gari hilo limebeba wajawazito, limebeba maharusi, limebeba hata jeneza. Tangu 2021 limesimama uani, kuku wanatagia kiti cha nyuma. Mume wangu anataka kujenga vyumba viwili vya kupangisha pale lilipo, maana karo za watoto zimetuelemea. Ameshaongea na mtu wa vyuma chakavu, alichukue kwa kilo. Nimelia. Yeye anasema nalilia bati. Je, nimeanza kuchanganyikiwa?*
*Mama wa Watatu, Walukuba*

Mwanangu, hujachanganyikiwa hata kidogo. Na hulilii bati.

Barua yako ilikuwa ndefu, hapo juu nimeweka kiini chake tu. Lakini zile kurasa nyingine ndizo zilizonigusa. Siku uliyoleta gari nyumbani, kaka yako kiti cha pembeni akisoma dua kimyakimya. Mliposimama Namawojjolo mkanunua kuku wa kuchoma na gonja (ndizi za kuchoma), ukala huku ukilitazama gari kana kwamba litaondoka bila wewe. Mvua ya msitu wa Mabira, vioo vimejaa ukungu, malori yakikupigia honi nyuma. Halafu mkavuka Mto Nile juu ya bwawa la Nalubaale, kwa kuwa lile daraja jipya lilifunguliwa baadaye, 2018, na kaka yako akasema, "Tumefika, sasa pumua."

Gari la kwanza lilikukuta ukiwa huna. Ndiyo maana hata ukinunua jingine zuri zaidi, halitakaa moyoni pale pale. Msichana asiye na mume, anaendesha gari lenye jina lake kwenye kadi, na mtaa mzima unauliza ni mwanamume gani aliyemnunulia. Hakuwepo. Zilikuwa zamu zako za usiku na mkopo uliokatwa kwenye mshahara mpaka ukaisha. Kikumi kilikuwa ushahidi ulioegeshwa mlangoni, kila mpita njia akauona.

Kisha ukaja mwaka 2020 na korona. Machi ile usafiri wa umma ulisimamishwa, siku chache baadaye magari ya watu binafsi nayo yakazuiwa, na kafyu ikaanza saa moja jioni. Mwenye uchungu wa uzazi alikuwa na gari gani la kupanda? Wewe ulikuwa na stika ya mhudumu wa afya kwenye kioo, na ulikuwa na Kikumi. Umeniandikia kuhusu yule mama wa Masese aliyejifungua kabla hamjafika wodini, na jinsi ulivyoosha kile kiti alfajiri kabla watoto wako hawajaamka. Mwanangu, mtu akikuambia hilo ni bati, muulize kama anayajua haya.

Nadhani mumeo hayajui. Alikuja maishani mwako gari likiwa tayari lipo. Ulipoitwa usiku yeye alisikia mlango ukifungwa na injini ikinguruma, basi, akageukia upande wa pili. Wewe hukumsimulia kwa sababu kwako ilikuwa kazi tu. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote, keti naye jioni moja, watoto wakiwepo, umsimulie. Usianze na "Wewe hunijali." Anza na Mabira. Watoto wako wanalijua gari hilo kama banda la kuku, nao wana haki ya kujua lilikuwa nini.

Sasa nisikilize upande wa pili, kwa sababu mumeo ana hoja. Karo ni karo. Na gari linalosimama halijihifadhi, linakufa polepole: petroli inaharibika ndani ya tangi, breki zinashika, matairi yanapasuka ubavuni, panya wanatafuna nyaya. Ukilibakiza uani miaka mingine mitano kwa ajili ya mapenzi, hata huyo wa vyuma atasitasita.

Lakini kwa kilo, hapana. Hapo nakusimamia. Tangu 2018 sheria imezuia kuingiza nchini magari yaliyozidi miaka 15 tangu kutengenezwa. Corolla hizo ni za miaka ya tisini, maana yake haziji tena. Zilizopo ndizo hizo, bado ziko barabarani zikifanya spesho (teksi za kukodi), na spea zake mafundi wanazipata Kisekka na Ndeeba, kule Kampala. Gari ambalo watu bado wanalitafuta halipimwi kwa mizani ya chuma.

Mwite fundi unayemwamini wewe, asiwe rafiki wa mnunuzi. Akague sakafu kama imeoza, kwa sababu kutu ya chini ndiyo inayomaliza magari ya zamani kuliko injini. Asikimbilie kufunga betri na kuwasha: amwage petroli ile ya zamani kwanza, abadilishe oili, aangalie nyaya na rejeta. Akupe makadirio kwa maandishi. Kama gharama ya kuliamsha inazidi bei ambayo lingeuzwa, basi liuzwe vipande kwa watu wa spea. Injini, gia, milango na taa kwa kawaida vinaleta zaidi ya kilo. Kama linaweza kutembea, liuze likitembea, kwa mtu atakayelitumia. Umetaja yule mkunga kijana kazini kwenu anayepanda boda usiku wa manane. Mimi ningeanzia kwake, hata kama atalipa kwa awamu, mradi mwandikiane na shahidi awepo.

Jambo moja usilifanyie uvivu: umiliki uhamishwe rasmi. Wengi wetu tunakabidhi kadi na funguo, tunapeana mikono, basi. Gari likigonga mtu kesho au likikutwa limebeba vitu vya wizi, jina litakaloonekana ni lako, na polisi watabisha hodi Walukuba. Umelibeba jina hilo kwa heshima miaka yote hii.

Fundi akiliwasha, usiliuze kesho yake. Kata bima ya watu wa tatu, toa kuku, oshani viti, uwapakie watoto wote mwende mpaka Bugembe na kurudi, wewe ukiendesha. Mumeo akae kiti cha kaka yako. Kama atakubali kupiga picha, pigeni.

Na sasa pesa. Gari ulilinunua wewe kabla ya ndoa, kadi ina jina lako, hivyo anayekubaliana bei na kupokea fedha ni wewe, hata kama mumeo ndiye aliyemleta mteja. Ukiamua ziingie kwenye vyumba vile viwili, ni uamuzi mzuri, nami nautaka. Ila uandikwe. Kiasi ulichotoa, na kwamba kodi ya chumba kimoja ni ya kwako kuipangia, iwe kwa karo au kwa jambo jingine. Mzungumze hilo na mumeo kabla ya kuchimba msingi, siyo baada ya mpangaji kuingia.

Shangazi yako