Uliza Tukujibu: Hivi Oracle wakinunua kampuni wananunua nini hasa?

Habari za kazi kaka. Nasoma IT mwaka wa pili hapa Morogoro, chuoni tunafundishwa databesi ya Oracle. Nimeanza kufuatilia habari zao nakuta kila baada ya muda wamenunua kampuni nyingine. Mainjinia wote wale na hela zote zile, si wakae chini waandike programu zao wenyewe? Wananunua nini?

Njema mdogo wangu. Watu wengi wanadhani wananunua programu, kumbe mara nyingi programu ya kazi hiyohiyo walikuwa nayo tayari. PeopleSoft, waliochukuliwa na Oracle 2005, walikuwa wanauza softwea ya mishahara na mambo ya wafanyakazi, Oracle walikuwa na yao. Siebel waliochukuliwa 2006 kwa dola bilioni 5.85 walikuwa na softwea ya kufuatilia wateja na mauzo, hiyo nayo Oracle walikuwa nayo, japo ya Siebel ndo ilikuwa inatamba sokoni. Wanachokitaka ni wateja, na hasa hela ya sapoti ambayo hao wateja wanalipa kila mwaka.

Iko hivi. Softwea za maofisi makubwa kwa mtindo wa zamani unanunua leseni mara moja, alafu kila mwaka unalipia sapoti, yaani msaada na marekebisho, kwa Oracle inakaa kwenye asilimia 22 ya bei ya leseni. Leseni ya dola 100,000 maana yake dola 22,000 kila mwaka, piga hesabu mwenyewe uone ukifika mwaka wa tano umelipa shilingi ngapi. Na kuacha sio rahisi, benki ikishaingiza mishahara na mahesabu na rekodi za miaka kumi humo ndani, kuhamia kwingine ni mradi wa miaka na hela nyingi na bosi wa IT anajua ukifeli kibarua chake kimeota nyasi, kwaiyo wanalipa tu kimya kimya. Ni sawa na kununua nyumba yenye wapangaji ndani, kodi inaanza kuingia kabla hata hujapaka rangi.

Upande wa gharama ndo kuna maumivu. Wahasibu wawili wawili wa nini, watu wa mauzo wawili wawili wa nini? Januari 2005, walipomaliza tu kuichukua PeopleSoft, Oracle walitangaza kupunguza watu kama 5,000 kati ya 55,000 wa kampuni zote mbili. Mapato yanabaki, mishahara inapungua, hapo ndo faida inapotoka. Na hawajachoka, 2022 wamenunua Cerner, watu wa mifumo ya rekodi za hospitali, kwa dola bilioni 28.3, hakuna waliyowahi kuinunua ghali kama hiyo.

Mimi niko Nakuru. Swali langu ni fupi: mwenye kampuni akisema hauzi, si basi imeisha?

Ingekuwa duka lake la mtaani, imeisha. Lakini kampuni ikishaingia soko la hisa wenyewe ni wanahisa, na mnunuzi anaweza kumruka bosi akaenda kuongea nao moja kwa moja.

Juni 2003 PeopleSoft wametoka kutangaza kwamba wao wenyewe wananunua J.D. Edwards, kampuni nyingine ya softwea, siku chache tu Oracle wakaibuka na dola 16 kwa kila hisa. Bosi wa PeopleSoft, Craig Conway, ambaye zamani alikuwa mtu wa Oracle, alikasirika sana, akasema ni kama mtu aje kuomba kumnunua mbwa wako ili akampige risasi nyuma ya nyumba. Larry Ellison, bosi wa Oracle wakati huo, naye akajibu kwamba angekuwa na risasi moja, isingeenda kwa mbwa. Yaani watu wazima wenye mabilioni! Ila kwenye hasira za Conway kulikuwa na ukweli, Oracle walikuwa wameshasema hawataendelea kuuza softwea ya PeopleSoft kwa wateja wapya, waliokuwemo tu ndo wangehudumiwa. PeopleSoft wakajibu mapigo kwa kuwaahidi wateja kwamba wakinunuliwa na huduma ikaharibika, watarudishiwa hela mara mbili mpaka mara tano ya bei ya leseni, lengo mnunuzi aone deni aogope.

Serikali ya Marekani nayo ikaenda mahakamani kuzuia, ikashindwa Septemba 2004. Conway akafukuzwa na bodi yake Oktoba. Bei ilipanda, ikashuka, ikapanda tena, mwisho Desemba wakakubali dola 26.50 kwa hisa, jumla dola bilioni 10.3. Mwaka mmoja na nusu wa vita, na karibu muda wote huo uongozi wa PeopleSoft ulikuwa unasema hauuzi.

Bro natengeneza mifumo ya shule na maduka huku Mwanza, zote zinatumia MySQL, ile databesi ya bure. Jamaa kaniambia MySQL ni ya Oracle na siku wakiamua tutalipia. Nihame?

Kwamba ni ya Oracle, kweli. MySQL ilianzia Sweden, 2008 Sun, kampuni ya kompyuta ya Marekani, wakainunua kwa dola bilioni 1, alafu Januari 2010 Oracle wakamchukua Sun mzima mzima kwa bilioni 7.4, na Java, ile lugha ya kuandikia programu, humo humo. Tume ya Ulaya ilichelewesha dili miezi kadhaa kwa hofu kama yako. Ila leseni yake ya bure haifutiki kwa code iliyokwisha kutoka, na muanzilishi wake Monty Widenius hakusubiri, alishaichukua hiyo code akaanzisha MariaDB. We kama unatumia XAMPP (kile kifurushi cha kujaribia mifumo kwenye kompyuta yako) za siku hizi tayari uko kwenye MariaDB, kitufe ndo bado kimeandikwa MySQL. Endelea na kazi zako, ila backup fanya.

Kama sapoti ni ghali hivyo, kwa nini asitokee mtu akauza sapoti ya bei chee?

Walitokea. Kulikuwa na kampuni ndogo ya Texas, TomorrowNow, inawahudumia wateja wa PeopleSoft kwa nusu bei, na SAP, mpinzani mkubwa wa Oracle, akainunua mwanzoni mwa 2005 ili awanyang'anye wateja. 2007 Oracle wakashtaki kwamba TomorrowNow wanashusha mafaili yao kwa wingi bila ruhusa. SAP wakakiri kosa, 2010 jopo la raia mahakamani likaamua wawalipe Oracle fidia ya dola bilioni 1.3, jaji akaona imezidi, wakavutana mpaka 2014 SAP akalipa kama dola milioni 357. TomorrowNow yenyewe ilishafungwa tangu 2008.