Uso wa bibi harusi giza, ukuta umetoka vizuri

Swali: Fundi, shikamoo. Nilipiga picha za harusi ya dada yangu hapa Chake Chake. Nje, mbele ya ukuta wa chokaa, uso wake umetoka kiza. Jioni ndani, picha nyingi zimetoka na ukungu. Kamera nimeiacha otomatiki, lenzi ni ile ya milimita 18-55 iliyokuja nayo. Ninunue nyengine?

Jibu: Marahaba. Pesa zako ziache kwanza.

Kamera haimjui dada yako. Inapima mwanga ikidhani kila kilicho mbele yake, kikichanganywa, ni kijivu cha wastani. Umeielekeza kwenye chokaa na shela jeupe, ikaona mwanga umezidi, ikaupunguza. Uso ndio uliolipa. Toka kwenye otomatiki, uweke P au A, zinazokuachia kurekebisha mwanga mwenyewe, tafuta kitufe chenye alama ya +/-, panda hadi +1, piga, kisha kwenye kioo cha nyuma ya kamera tazama uso, si ukuta. Ukuta ukiungua kidogo, yaani ukawa mweupe mtupu, mimi sijali, ila nakshi za shela zisipotee. Kwa kina mama waliovaa mabuibui meusi mambo hugeuka: kamera huongeza mwanga na nyuso zikaungua, basi shuka hadi -1.

Bora zaidi, mhamishe. Mweke kwenye kivuli cha baraza atazame nje. Ukuta mweupe wa jirani, ukipigwa jua, utamrudishia mwanga laini wa bure. Saa sita mchana usimsimamishe juani, hasa Machi na Oktoba jua linapokuwa utosini kwetu. Macho yatakuwa mashimo.

Za jioni, zikuze ukatazame kope. Kope zina ukungu lakini shada la maua mkononi limetoka wazi? Fokasi imeshika mahali pasipo pake. Otomatiki hupenda kilicho karibu. Chagua nukta moja, iweke kwenye jicho lililo karibu nawe, bonyeza kitufe nusu, ikishika malizia.

Ikiwa picha nzima imeburuzika upande mmoja, ni mkono wako. Akiburuzika mtu peke yake, kasi ya kufunga shata ilikuwa ndogo. Ukiwa kwenye 55 usishuke chini ya 1/100 ya sekunde, na kwa wanaocheza ngoma anzia 1/250. Mwanga ukikosa, pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 1600 au 3200; chenga zinavumilika, mtikisiko hauponi. Tena usivute zumu ukiwa ndani: tundu la lenzi hiyo kwenye 18 hufunguka hadi f/3.5, kwenye 55 huishia f/5.6, yaani mwanga haufiki hata nusu. Sogea kwa miguu, ila si mpaka puani, maana kwenye 18 pua hukua.

Na zikiwa na weupe kama maziwa kote, ni mvuke. Kamera ikitoka chumba cha kiyoyozi kuingia joto letu, lenzi hutoa jasho. Mimi iliwahi kunikosesha bibi harusi akiingia ukumbini, nimesimama nafuta kioo na kanga ya watu. Siku hizi naitoa ndani ya mkoba uliofungwa, nusu saa kabla, ndiyo nafungua.