Shokapu za 90/10 kwa gari la kila siku

Umeuliza kama shokapu za 90/10 za mbio fupi za kuchomoka (ukinzani asilimia 90 inapobanwa, 10 inaporefuka) zinafaa gari la kila siku. Hapana ndugu, hizo usifunge mbele kwa gari la kwenda kazini. Zimeundwa pua ya gari inyanyuke upesi na ikawie kushuka, ili uzito ulalie magurudumu ya nyuma gari linapochomoka. Shokapu ya barabarani ni kinyume: hukaza zaidi inaporefuka kuliko inapobanwa. Nafunga shokapu hapa Kirinyaga Road, Nairobi. Ukiruka tuta na hizo za mbio pua hubaki juu, na kwenye kona ya mzunguko usukani unakuwa mwepesi vibaya. Na kama gari ni la kuvuta mbele, tuseme Vitz, hata mbioni zitakuumiza: tairi zinazovuta ndizo zinanyang'anywa uzito. Ukitaka yote mawili, mbio na barabara ya kila siku, tafuta za kurekebishika.