Apitenia kwa bustani za Dodoma: kwa mnaoanza kazi

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi ya bustani hapa Dodoma, kila nyumba mtakayoitwa mtaombwa ukoka. Ukoka ni mzuri, lakini mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na kwa mwaka mzima ni wastani wa milimita 550 hadi 600 tu. Miezi inayobaki ni jua, upepo na bili ya maji. Kwa sehemu ambayo watoto hawachezi wala watu hawapiti, mshaurini mteja apande apitenia.

Ni mmea mfupi unaotambaa, asili yake Afrika Kusini. Kimo chake ni sentimita 10 hadi 15, ila tawi moja linaweza kulala chini likafika sentimita 60, na vifundo, yaani pale majani yanapotokea kwenye shina, vikigusa udongo hutoa mizizi. Majani ni manene, yanatunza maji, na ukame ukizidi mmea hufunga vitundu vya majani mchana ili maji yasipotee. Maua madogo ya waridi iliyokolea hufunguka jua likiwaka na kujifunga jioni. Kwenye vibao vya vitalu mtakuta Aptenia cordifolia, na pengine jina lingine, Mesembryanthemum cordifolium. Ni mmea uleule.

Kabla ya kununua hata mche mmoja, angalieni gugu la ndago. Hili nalisisitiza kuliko yote. Ndago ina viazi vidogo chini ya ardhi vilivyoungana kwa nyuzi. Ukiing'oa juu unabaki na jani mkononi, viazi vinachipua upya. Apitenia ikishatandaa juu yake huwezi tena kuchimba bila kuichana. Kwa hiyo mwagilieni eneo likiwa tupu, muiache ndago ichipue, kisha chimbeni kwa uma wa bustani, mkung'ute udongo na kuokota viazi kimoja kimoja. Vianikeni kwenye saruji vikauke kabisa. Halafu mwagilieni tena, msubiri, mchimbe tena. Mteja atalalamika kwamba amelipa pesa na bado anatazama udongo mtupu. Mwelezeni hatua hii kabla ya kupokea malipo ya awali, na msiiruke hata akiwasukuma.

Udongo mwekundu wenye kichanga unafaa kama ulivyo. Wa mbuga, ule mweusi unaonata, unaozesha mizizi masika. Inueni tuta na kuchanganya mchanga na kokoto ndogo. Samadi iliyooza vizuri iwe kidogo tu, kwa kuwa ikizidi mashina yanakuwa laini na wadudu kama vidung'ata wanayapenda hayo.

Mbegu si lazima. Kateni vipande vya sentimita 10 hivi kwenye mmea wenye afya, kama mnavyokata marando ya viazi vitamu, mvipumzishe kivulini siku moja au mbili ili jeraha likauke, ndipo mvifukie vifundo viwili chini. Nafasi ya sentimita 30 inatosha. Wengi hubana miche ili eneo lionekane limejaa siku ya kukabidhi kazi, na baadaye inaoza kwa kukosa hewa. Wakati mzuri ni mvua zikianza kutulia ardhini. Zile za kwanza hushuka kwa nguvu, na penye mteremko zitaondoka na vipando vyote msipolaza mistari ya mawe kukinga maji.

Umwagiliaji unahitaji macho. Wiki mbili za mwanzo udongo usikauke kabisa. Baada ya hapo punguzeni hatua kwa hatua. Mmea ukishika, maji mengi kwa mara moja kisha kupumzika ni bora kuliko kunyunyiza kidogo kila jioni. Jani lililonywea linaomba maji. Jani la manjano, laini, linalodondoka ukiligusa, limenyweshwa kupita kiasi, na hapo mwenye nyumba huongeza maji ya mpira akidhani ni kiu. Mfundisheni tofauti hiyo kwa mkono wake, abonyeze jani mwenyewe.

Njia za miguu wekeni vibao vya mawe, maana mashina haya huvunjika yakikanyagwa. Kuku wafungiwe mpaka mizizi ishike. Katikati ya eneo lililopandwa kukizeeka na kubaki vijiti, fyekeni hapo na kuchomeka vipande vipya. Kazi ya nusu siku.

Mabaki ya kupogoa msiyatupe korongoni wala kando ya vilima. Kila kipande chenye kifundo kinaweza kuota, na kule California na pwani za Mediterania mmea huu umeshatoroka bustani ukavamia uoto wa asili. Yaanikeni juani juu ya bati hadi yakatike kwa vidole, ndipo myapeleke kwenye mboji.