Mama ana figo na presha, potasiamu imepanda: aache dawa?

Swali: Dokta habari, mama ana figo hatua ya 3, presha inacheza 150/95, anameza losartani. Tukambadilishia chumvi tukaweka ile ya sodiamu kidogo na nyama tumemkatisha kabisa, sasa vipimo vimerudi potasiamu 5.8. Dada anasema losartani ndo chanzo aache. Nifanyeje?

Jibu: Pole kwa kuuguza ndugu. Kabla hamjaigusa losartani hebu chukua hiyo pakiti ya chumvi usome maandishi madogo ya nyuma, nyingi ya hizi wametoa sodiamu wakaweka kloridi ya potasiamu. Mwenye figo nzima haina shida anaikojoa tu, ila figo za mama zimechoka na losartani nayo inapunguza utokaji wa potasiamu, sasa mnaiingiza kwa wingi huku mlango wa kutokea umebanwa. Hiyo chumvi itoke jikoni leo.

Losartani asiache kwa amri ya dada (simlaumu, ana hoja nusu), maana inashusha presha na pia inalinda figo hasa kama mkojo unatoa protini. Ila 5.8 sio ya kusubiri kliniki ya mwezi ujao, mpigie daktari wake leo leo arudie kipimo, maana saa nyingine chembe za damu zinapasuka kwenye sampuli namba inapanda bure, na yeye ndo ataamua dawa ipunguzwe au isimame kwa muda. Akilegea misuli au moyo ukaanza kurukaruka mkimbizeni hospitali hata kama ni usiku wa manane.

Chumvi ya kawaida arudie lakini jumla isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai cha kusawazisha, na hapo hesabu iliyomo kwenye mkate, soseji na vile vikolezo vya pakiti. Viazi menya, kata vidogo, chemsha maji mengi halafu yamwage, potasiamu nyingi inaondoka nayo. Nyama mrudishieni kidogo, kama hayuko kwenye dialisisi (kusafishwa damu kwa mashine) protini ni kama gramu 0.8 kwa kila kilo ya mwili, akiwa na kilo 60 ni gramu 48, yai moja lina kama 6. Kukata kabisa mtamkondesha bure.

Halafu hujaniambia, magoti au mgongo unamsumbua? Kama anameza dawa za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni kimya kimya mwambie daktari, hizo zinapandisha presha na zinaumiza figo.