Chomoa stiki kwanza, ndipo ushike spana

Wadogo zangu wa gereji,

Leo mchana nimemkuta mmoja wenu amelala chini ya Subaru Forester, spana namba 17 iko kwenye nati, beseni tayari, redio inaimba. Nikamwambia atoke. Akaniangalia kama nimempokonya chapati. Nati aliyoishika ilikuwa ya giaboksi, na kazi aliyopewa ni kumwaga oili ya injini. Ni usiku sasa na bado sijatulia, kwa hiyo nisikilizeni.

1. Chomoa stiki, kile kijiti cha kupimia oili, kabla ya kuinua gari. Ya injini na ya giaboksi. Futa, rudisha, chomoa tena, soma. Usipojua oili ilikuwa wapi kabla ya kumwaga, hutajua umemwaga nini.

2. Hii ndiyo sababu. Nilikuwa na mwaka mmoja na nusu kazini, saidia fundi niliyeanza kuaminiwa. Akaja mwalimu wa sekondari na Subaru aliyoinunua kwa mkopo, anataka sevisi ndogo kisha asafiri. Bosi alikuwa mtaa wa Gerezani, hapa Dar, anatafuta bushi. Nikaingia chini peke yangu. Mnazijua gari zile: sampu ya injini, beseni linalobeba oili kwa chini, iko mbele, na nyuma yake kuna sampu ya giaboksi yenye nati yake. Nikafungua ya nyuma. Haidroliki, mafuta ya giaboksi ya otomatiki, ikiwa mpya ni nyekundu, lakini ile ilikuwa haijaguswa miaka mingi, nyeusi kama oili yoyote iliyochoka. Ikatoka kama lita nne, nikaona hesabu imekubali. Nikafunga, nikabadili filta, nikamimina kwenye injini lita nne mpya juu ya zile zilizokuwamo. Stiki sikuichomoa. Nilishahesabu lita, nikaona inatosha.

Gari lilitoka getini vizuri tu, wala halikugoma. Lilipofika Mbezi, kwenye mlima, injini ikawa inalia na gari halisogei, moshi umefunika barabara. Krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, ilikuwa inaichapa oili iliyozidi mpaka ikawa povu, na povu halilainishi kitu. Huko giaboksi pampu inavuta hewa, presha hakuna, klachi pleti zinateleza na kuungua.

Injini ilipona. Giaboksi haikupona. Bosi alinunua ya mtumba, nami nikawa nakatwa kila Jumamosi kwa miezi tisa. Uchungu wa pesa uliisha. Ninachokikumbuka ni mwalimu akirudi kwa daladala, begi la safari mkononi. Hakugomba. Aliniuliza, "Kijana, hukujua au hukuangalia?" Nilijua. Ungeniamsha usiku ningekutajia nati zote mbili. Nilisimama pale na beseni, nikashindwa kumjibu.

Wadogo zangu, karibu kila gari mnaloua mnaliua kwa kitu mnachokijua.

3. CVT, giaboksi ya otomatiki isiyo na gia za hatua, ina mafuta yake. Nissan zinataka NS-2 au NS-3 kulingana na modeli, basi soma kitabu cha gari au stiki yenyewe, usitie haidroliki nyekundu kwa sababu ndiyo iliyo karibu. Mle ndani mkanda wa chuma unabanwa kati ya puli, na mafuta yasiyo yake hayaupi mshiko unaotakiwa. Mteja akisema "weka yoyote, nina haraka", mwache aende na haraka yake.

4. Mafuta ya breki yabadilishwe kila miaka miwili. Yananyonya unyevu wa hewani, na sisi wa pwani unyevu tunao wa kutosha. DOT 3, aina mojawapo ya mafuta hayo, ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, lakini ikishanyonya maji inaweza kuchemka kwenye 140. Sasa mfikirie mtu anashuka mlima Kitonga na familia nzima, breki zimepata moto, mafuta yamechemka, anakanyaga pedali inakwenda mpaka chini. Na kamwe usiongezee oili nyingine kwenye kikopo cha mafuta ya breki, raba zote zitavimba.

5. Rejeta ikiwa ya moto, mfuniko usiuguse. Msimdanganye mteja kwamba Dar hakuna barafu kwa hiyo kulanti, kile kimiminika cha kutia kwenye rejeta, ya nini. Kulanti inazuia kutu na inachelewesha kuchemka. Gari linaloongezwa maji kila asubuhi linavuja mahali. Patafute.

6. Wewe wa leo, sijakukasirikia. Jumatatu njoo saa moja kamili, ile Forester nimeiacha kwenye stendi. Kuna nati ya injini, ya giaboksi na ya difu ya mbele. Utaishika kila moja na kuniambia inamwaga nini, mimi nitakaa kimya. Njoo na kitambaa safi cha kufutia stiki.