Muulize Mwalimu: Ruzuku ya shule ndogo inakwenda wapi?

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya shule ya msingi kijijini kwetu, mkoani Tabora. Tuna watoto 152 wa darasa la kwanza hadi la saba, darasa la awali, na walimu watano pamoja na mwalimu mkuu. Mwaka juzi waliofanya mtihani wa darasa la saba walikuwa 16, wakafaulu 12. Mwaka jana walikuwa 18, wakafaulu wanane. Wazazi wamekuja juu, wanasema ruzuku inaliwa. Mwalimu mkuu anasema hela ni kidogo mno. Nikisimama mkutanoni nakosa la kusema. Tatizo ni fedha au ni walimu? Na kamati ifanye nini?

JIBU

Marahaba, Mwenyekiti. La kusema unalo, ila halijapigiwa hesabu. Chukua karatasi.

Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 hubaki serikalini kwa ajili ya vitabu, na 6,000 ndizo zinazoingia akaunti ya shule. Zidisha kwa 152: unapata shilingi 912,000 kwa mwaka mzima, yaani 76,000 kwa mwezi. Humo humo mnatoa chaki, karatasi za majaribio, ukarabati wa madawati, dawa ya choo na nauli ya mwalimu mkuu kwenda wilayani. Shule ya mjini yenye watoto 1,500 hupata milioni 9. Ni kweli ina watoto wengi wa kuwahudumia, lakini nayo ina ofisi moja, na safari ya benki ni ile ile moja. Gharama za namna hiyo hazipungui kwa kuwa watoto ni wachache. Kugawa fedha kwa idadi ya vichwa peke yake kunaziumiza shule ndogo za vijijini, na hili nalisema bila kumung'unya maneno. Isitoshe, kiwango hicho kimetoka enzi za MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, mwaka 2002, wakati shilingi 10,000 zilikuwa kama dola 10 za Marekani. Leo hazifiki hata dola tano.

Kwa hiyo mwalimu mkuu hasemi uongo. Lakini hata kidogo kinaweza kuliwa, na wazazi wana haki ya kuona. Mapato na matumizi yanatakiwa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule. Kamati iombe taarifa ya benki ya mwaka mzima, isomwe mstari kwa mstari kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Mwalimu mwadilifu atafurahi, maana karatasi hiyo ndiyo itakayomsafisha.

Sasa ufaulu. Kutoka 75% hadi 44% ni anguko la kutisha ukilisikia kwa asilimia. Lihesabu kwa watoto: wangefaulu 13 badala ya wanane mngekuwa na 72%, na kelele zisingekuwepo. Tofauti yote ni watoto watano. Katika shule yenye watahiniwa 18, ugonjwa, msimu mbaya wa tumbaku au familia mbili kuhama na mifugo vinatosha kuvuruga matokeo ya mwaka. Baraza la Mitihani, NECTA, huweka hadharani matokeo ya kila shule. Chukua ya miaka mitano, jumlisha watahiniwa wote, jumlisha waliofaulu wote, kisha ndipo useme shule inapanda au inashuka. Tazameni na upimaji wa darasa la nne, maana huko dalili huonekana mapema.

Umeuliza kama ni fedha au walimu. Jambo hili limewahi kupimwa hapa hapa Tanzania. Mwaka 2013 na 2014, shirika la Twaweza liliendesha jaribio la KiuFunza katika shule 350 za wilaya kumi. Kundi moja la shule lilipelekewa shilingi 10,000 kwa kila mtoto. Kundi jingine, walimu waliahidiwa 5,000 kwa kila mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu atakayefaulu jaribio la Kiswahili, Kiingereza au hisabati. Kundi la tatu lilipata vyote viwili. Fedha peke yake hazikuinua alama za watoto. Zilipokwenda pamoja na motisha ya walimu, watoto walisonga mbele waziwazi. Mimi sikushangaa. Katika miaka yangu ya ukaguzi nimefungua makabati nikakuta vitabu vipya vya darasa la pili vimefungiwa visichafuke, huku darasani watoto wanaitikia kwa pamoja maneno ya ubaoni ambayo hawawezi kuyasoma.

Ninyi hamna fedha za motisha kama ile. Mna uwezo wa kuamua nani afundishe wapi. Shule nyingi humpeleka mwalimu hodari darasa la saba, na darasa la kwanza huachiwa yeyote aliyebaki. Ombeni mwalimu mkuu apindue utaratibu huo. Mtoto asiyejua kusoma akifika la tatu, miaka inayobaki ataimaliza akinakili. Vitabu vitoke kabatini. Kila mwisho wa mwezi mjumbe mmoja wa kamati akae na watoto wa darasa la pili, mmoja mmoja, awasikilize wakisoma aya fupi.

Na walimu watano hawatoshi, ingawa makaratasi yanasema wanatosha. Kwa uwiano wa mwalimu mmoja kwa watoto 45, watoto 152 wanahitaji walimu wanne, hivyo wilayani mnaonekana mna ziada! Hapo ndipo pa kupigania. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, na bajeti hupangwa miezi mingi kabla, basi barua yenu ipite serikali ya kijiji na kwa diwani mapema, kabla ya Desemba. Msiandike tu "tunaomba walimu". Andikeni kwamba madarasa ni manane na walimu ni watano, na mwambatishe ratiba ya vipindi inayoonyesha kwamba kila saa ya masomo madarasa matatu hayana mtu mbele.